Scorpion ana haki ya kudai, ila kagonga mlango usio wake

Maadui wengi wanaotoka kuzimu kwenye gemu za kupigana ni mapambo tu. Wana mifupa, wana moto, wana sauti ya kukwaruza, basi. Unawapiga, wanaanguka, unasonga mbele na jina lao hulikumbuki. Scorpion wa Mortal Kombat yuko nasi tangu 1992, na mpaka leo vijana wanagombania kumchagua kwenye vibanda vya gemu. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya mkuki wake wa kamba. Sawa, mkuki ni mtamu. Ila mimi naona watu wanampenda kwa sababu ana kesi, na kesi yake ni nzito. Kasoro iko kwa mshtakiwa.

Kwa asiyemfahamu: huyu ni Hanzo Hasashi, Mjapani wa ukoo wa ninja uitwao Shirai Ryu. Aliuawa na Sub-Zero, muuaji wa ukoo hasimu wa Lin Kuei kutoka China. Mke wake Harumi, mtoto wao na ukoo mzima nao wakafyekwa. Hanzo akarudi kutoka kuzimu akiwa si mtu tena: macho meupe, sauti nzito, na nyuma ya barakoa hakuna uso, kuna fuvu. Hadai dunia wala kiti cha enzi. Anamdai Sub-Zero. Ilichukua miaka kadhaa ya gemu ndipo tukaambiwa kwamba aliyewamaliza watu wake ni mchawi Quan Chi, na kwamba mchawi huyohuyo ndiye aliyekuwa akimshika bega na kumwelekeza pa kupiga. Damu ya Hanzo mwenyewe iko mikononi mwa Sub-Zero, hilo halina ubishi. Damu ya mkewe na mwanawe haiko huko.

Hapo ndipo huruma yangu inapoanzia, na wala haianzii kwenye kifo chake. Kufa, kwenye gemu hii, kila mtu anakufa. Kutumiwa na aliyekuulia watu wako, ukamshukuru kwa kukupa nafasi ya kulipiza kisasi, ni jambo jingine kabisa.

Inachekesha kidogo kwamba yote haya yalitokana na ubahili. Ed Boon na John Tobias, waliokuwa kampuni ya Midway kule Chicago, walitengeneza gemu ya kwanza kwa kurekodi watu halisi kwa kamera na kuziingiza picha zao kwenye mashine. Nafasi ilikuwa finyu, na wapiganaji wa kuchagua walikuwa saba tu. Basi Daniel Pesina akavishwa vazi la ninja, akarekodiwa akipiga na kupigwa, kisha rangi ya vazi ikabadilishwa: ya njano akawa Scorpion, ya bluu akawa Sub-Zero, na ya kijani akawa Reptile, yule wa kujificha. Mtu mmoja, vazi moja, wapiganaji watatu.

Sasa tazama kilichotokea kwenye kioo. Muuaji na muuliwa wana mabega yaleyale, kusimama kulekule, ngumi ileile ya kidevu. Wakikabiliana, ukizima rangi huwezi kuwatenganisha. Sijui kama kuna mwandishi angeweza kukaa mezani akabuni picha nzuri kuliko hiyo ya mtu aliyeliwa na kisasi mpaka akafanana na anayemwinda. Imekuja bure, kwa sababu kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo.

Na mwaka 1993, kwenye sehemu ya pili, jambo hilo likazaa hadithi. Scorpion alikwisha kumuua Sub-Zero. Ghafla anasikia Sub-Zero yupo, anapigana tena. Anarudi kumfuata, anamvizia, na anamwona yule mtu wa bluu akimwachia mpinzani wake uhai. Hapo anashtuka: huyu siye. Huyu ni mdogo wake, kavaa nguo za marehemu kaka yake. Yaani Scorpion alikuwa anafuata rangi ya nguo! Anamwachia, na zaidi ya hapo anaapa kumlinda. Kwa gemu ambayo watu wazima Marekani waliipeleka mpaka kwenye vikao vya Seneti mwaka huohuo kwa sababu ya damu na mauti yake, hiyo ni hatua ya ustaarabu usiotarajiwa. Wabunge walihesabu vichwa vilivyong'olewa. Mfu aliyesamehe hakuna aliyemtaja.

Nirudi kwenye mkuki, maana nilisema ni mtamu na sikueleza. Kwenye gemu ya kwanza unaurusha kwa kubonyeza nyuma, nyuma tena, halafu ngumi ya chini. Kamba inatoka, ncha ya chuma inamkita mpinzani kifuani, na sauti ya Ed Boon mwenyewe inamwamuru aje. Anaburutwa mpaka miguuni pako, anasimama akiyumba, hana la kufanya. Una sekunde moja ya kumfanya utakavyo. Wengi wetu tunampa ile ngumi ya kidevu anapaa. Wapiganaji wengi wa gemu ile hukimbilia mbele kushambulia, wanaruka, wanateleza, wanapaa kwa teke. Scorpion hukaa mbali na kumvuta mtu, na mkono wa mchezaji lazima urudi nyuma mara mbili kabla ya kupata chochote. Sidhani kama Boon na Tobias walikusudia maana yoyote hapo. Lakini ukishacheza naye muda mrefu, vidole vyako vinamjua kuliko maelezo ya hadithi.

Halafu kuna raundi. Gemu ya kupigana ndiyo nyumba halisi ya mfu mwenye kisasi, kuliko gemu ya safari au ya vita. Unamwangusha Sub-Zero, anasimama. Unamwangusha tena, unavua barakoa yako, unamtemea moto, anabaki mifupa. Pambano linalofuata huyo hapo, mzima, barafu mkononi. Hakuna pigo linalofunga hesabu. Tayari mwisho wa Scorpion kwenye gemu ya 1992 ulilisema hilo: Sub-Zero kafa, mashindano kashinda, na bado hawezi kurudi kwa mke na mtoto, atabaki na laana yake milele. Kijana aliyetumia sarafu zake zote kufika hapo alisomewa maneno hayo badala ya sherehe. Huo ndio ushindi wake!

Wajapani, ambao Hanzo ni mwenzao, wana historia ndefu na wafu wa aina hii. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na kiongozi mkubwa katika baraza la mfalme, akasingiziwa, akahamishiwa Dazaifu mwaka 901, akafia huko 903. Yakafuata majanga: waliomfanyia fitina wakafa, na mwaka 930 radi ikapiga jumba la kifalme na kuua watu. Mji ukaamini ni yeye. Waliichukuliaje hasira hiyo? Walimrudishia cheo chake akiwa kaburini, wakamjengea hekalu la Kitano mjini Kyoto, na leo wanafunzi humwomba Michizane kabla ya mitihani. Mfu aliyedhulumiwa alijibiwa dai lake. Kumpiga hakungesaidia, na wangempigaje?

Kwenye Mortal Kombat karibu wote wanampiga Scorpion na karibu hakuna anayemjibu. Ndiyo maana kwangu mimi sehemu nzito kuliko zote ni ile ya mwaka 2011, gemu iliyoianza hadithi upya. Raiden, mungu wa radi, anamfuata na kumwambia: usimuue Sub-Zero, nami nitawaomba Miungu Wakuu waurudishe ukoo wako. Kwa mara ya kwanza mtu anazungumza na dai lenyewe. Na Scorpion anakubali! Anapigana na Sub-Zero, anamshinda, na mkono unasita. Ungeweza kuishia hapo.

Quan Chi anaingilia. Anamwonyesha maono: watu wake wakichinjwa, mkewe akifa, na anayeua anaonekana ni Sub-Zero. Scorpion hahitaji zaidi. Anarudi uwanjani na fuvu la Sub-Zero mkononi, na Raiden anabaki kumtazama. Ahadi imekwenda. Aliyeuawa, Bi-Han, naye anafufuliwa na mchawi yuleyule kuwa kivuli cheusi kinachoitwa Noob Saibot, mtumwa mwingine zizini. Wachezaji wengi huiruka video hiyo ili wafike kwenye pambano linalofuata. Msiiruke. Mtu anayejua fitina inavyofanya kazi mtaani ataona hapo kitu anachokijua: hakuna aliyemlazimisha Hanzo kwa nguvu. Alionyeshwa tu kile alichokuwa tayari kukiamini.

Mwaka 2015 wakampa alichonyimwa. Anarudishiwa uhai, mwili wa binadamu, jina lake, na anaujenga upya ukoo wa Shirai Ryu. Anamlea Takeda, mtoto wa mpiganaji Kenshi, kama mwanafunzi. Anakaa chini na Sub-Zero mdogo, Kuai Liang, wanakunywa chai, na ukweli kuhusu Quan Chi unawekwa mezani. Sasa anwani anayo. Tatizo limekwisha?

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomgeuza Scorpion shujaa msafi. Quan Chi amekamatwa, yuko mikononi mwa jeshi, anahitajika akiwa hai kwa sababu ndiye anayeweza kuwarudisha waliokufa na kuwa watumwa wake: wapiganaji Liu Kang, Kitana na wenzao. Yaani watu walio katika hali ileile aliyokuwa nayo Hanzo. Wapo waliobaki duniani wakiwasubiri, kama yeye alivyotamani kuwarudia wake. Hanzo anavamia kambi na watu wake, Sonya na Johnny Cage wanamsihi asubiri, na anamkata Quan Chi kichwa. Mchawi anakufa akiwa amekwisha kumwachia Shinnok, mungu aliyeanguka, kutoka kifungoni. Liu Kang na Kitana wanabaki wafu.

Huwa nawaza kwamba yule aliyejua kuliko wote maana ya kuwa mfu mtumwa ndiye aliyewafungia wenzake mlango, na safari hii hakudanganywa na mtu. Alimpata mkosaji halisi, kwa kosa halisi, na bado akaharibu. Watunzi wangeweza kutupa kisasi kitamu, mchezaji akapiga makofi, mambo yakaisha. Wakatupa kisasi sahihi kilichokuja saa mbaya. Namhurumia Hanzo zaidi baada ya hapo, ila ni huruma ya kumwonea ndugu aliyekosea, na kama ningekuwa jamaa wa Kitana nisingetaka kumsikia.

Sehemu ya 2019 nitaipitia haraka, kwa sababu mambo ya kuchezea muda yananichosha. Kronika, mlinzi wa wakati, anavuruga nyakati, Scorpion mfu wa zamani anajikuta ana kwa ana na Hanzo aliye hai. Aliye hai anamshawishi mfu aachane na upande wa Kronika, kisha D'Vorah, mtumishi wa Kronika, anamchoma Hanzo kwa sumu na anafia hapo. Mfu anabaki kuibeba kazi ya aliye hai. Wazo ni zuri sana, na limepewa dakika chache kuliko linavyostahili, katikati ya vurugu za watu wengi mno. Ningetoa nusu ya milipuko ya gemu ile ili wale wawili wapate muda wa kuzungumza.

Kuna watakaosema nampa uzito usiomstahili mhusika wa gemu ambayo kazi yake ni kung'oa uti wa mgongo wa watu. Haya. Lakini kulinganisha kwangu ni na maadui wengine wa gemu hiyohiyo. Shao Kahn anataka falme, Shinnok anataka falme, Shang Tsung anataka roho za watu ili asizeeke. Ni tamaa, na tamaa ukiishinda imekwisha. Scorpion hana tamaa. Ukimshinda, hoja yake iko palepale, hujaigusa.

Kisha ikaja ya 2023, dunia mpya kabisa, na jina la Scorpion wakampa Kuai Liang. Yuko hai, ni mdogo wa Bi-Han, anatumia moto na ile kamba, na wanagombana kwa sababu Bi-Han aliusaliti uaminifu wa ukoo wao na akakiri kwamba alimwacha baba yao afe. Ni ugomvi wa ndugu, umeandikwa vizuri, sina neno. Ila Kuai Liang anamjua adui yake kwa jina na kwa kosa, amelisikia kutoka kinywani mwake. Hakuna anayemdanganya, hakuna uhai uliochukuliwa anaotamani kuurudia, na barakoa ukiivua unakuta uso wa kijana mzuri tu. Nikimchagua napata mpiganaji mwepesi mwenye mapigo mazuri ya mfululizo. Wakitoa nyingine, wamrudishe Hanzo, na wamwache akiwa mfu.