Talaka: Kuelewana Mezani au Kufika Mahakamani?

Wanandoa wanapoachana, ushauri wa kwanza wanaopewa ni kwamba wasifikishane mahakamani, kwa kuwa mawakili watakula kilichobaki. Una ukweli. Shauri la mali linahitaji wathamini, viapo na maombi madogo madogo yasiyokwisha, na gharama zake hutoka katika mfuko uleule unaogombewa.

Hata hivyo, usuluhishi hufaa pale tu wote wawili wanapozijua hesabu. Katika ndoa nyingi mmoja ndiye anayejua akaunti, hisa, mikopo na mafao ya uzeeni, ilhali mwenzake anajua tu kwamba nyumba ipo. Hapo maelewano huwa jina tu. Mahakama, tofauti na msuluhishi, inaweza kumlazimisha mtu kutaja mali zake kwa kiapo na kuzuia zisiuzwe shauri likiendelea. Na kwa aliyeishi kwa vitisho, kukalishwa meza moja na aliyemtisha si nafuu hata kidogo.

Mkopo ndio huwapotosha wengi. Nyumba yenye thamani ya 100 na deni la 60 inagawanywa kama 40, si 100, na anayebaki nayo hubaki pia na marejesho, matengenezo na kodi. Aidha, benki haikuwa upande katika talaka. Mume akiahidi kulipa mkopo uliosainiwa na wote wawili, kisha akaacha, benki itamdai mke pia, kwa sababu saini yake bado imo kwenye mkataba. Mbele ya benki, ahadi hiyo haina uzito mpaka mkopo ulipwe au uandikwe upya kwa jina la mmoja.

Kwa maoni yangu, swali lenyewe limeulizwa vibaya, kwani makubaliano bora hufanyika mezani kisha hupelekwa mahakamani yapate nguvu ya amri. Uingereza kuna mfano. Wanandoa waliotalikiana mwaka 1992 wakiwa hawana kitu hawakuonekana kuwa na amri yoyote iliyofunga madai yao ya fedha. Baadaye mume akatajirika kwa umeme wa upepo, mke akafungua madai mwaka 2011, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba madai hayo yasikilizwe. Talaka ilikuwa imevunja ndoa, lakini haikuwa imefunga hesabu.

Amri ya kufunga madai, kwa upande wake, humbana pia mnyonge. Aliyekubali fungu dogo kwa sababu ya uchovu (na wengi husaini wakiwa wamechoka, si wakiwa wameridhika) kwa kawaida hawezi kurudi baadaye kwa kuwa tu ameugua au amepoteza kazi. Matunzo ya watoto huweza kupitiwa upya. Fungu lake mwenyewe hupitiwa upya kwa nadra. Ndiyo maana hati ya makubaliano isisainiwe kabla ya ripoti ya mthamini na taarifa ya mafao kuwekwa mezani.