Achaneni na Roketi, Nunueni Dishi

Imeanza tena. Kenya haiwezi kutajwa karibu na neno setilaiti bila mtu kujitokeza kutukumbusha kwamba Mungu alitupa Ikweta, na kwamba kinachotukosesha mabilioni ni uvivu tu wa kujenga uwanja wa kurushia roketi Malindi. Safari hii ni klipu ya dakika mbili inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: muziki wa kishujaa, bendera inapepea, na hesabu ambayo msomaji wake hajaimaliza.

Haya, tuimalize. Ardhi kwenye Ikweta inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa upande huo hupata mwendo huo bure. Ni kweli. Lakini kule Florida, latitudo ya 28.5, wanapata 409. Tumewazidi kwa mita 56, na ili kukaa kwenye mzingo wa chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka dunia, roketi inahitaji mita 7,800 hivi kwa sekunde. Hata asilimia moja haifiki. Nakubali, shingo upande, kwamba kwa setilaiti za mawasiliano zinazokaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta faida ni kubwa zaidi, maana roketi haichomi mafuta mengi kunyoosha njia. Ila hizo ni mashine za tani kadhaa, na nchi zenye roketi za kuzipandisha unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Setilaiti tunazozihitaji sisi ni za kuangalia mahindi, misitu na mito. Hizo hupita karibu na ncha za dunia ili kila sehemu ipigwe picha saa ile ile ya jua. Njia yake ni ya kaskazini na kusini, tena ikiegemea magharibi kidogo, kwa hiyo ule msukumo wa bure wa mashariki unageuka mzigo, na lazima uufute kwa mafuta yako. Halafu itazame ramani: ukirusha kusini kutoka Malindi, Pemba na mwambao wa Tanzania viko njiani. Nani atawaeleza majirani kwamba vipande vya roketi vitadondoka upande wao? Watu wa Mukuku, Makueni, walioangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi tarehe 30 Desemba 2024, wanajua ladha yake. Ndiyo maana Taifa-1, setilaiti yetu ya kuangalia ardhi, tarehe 15 Aprili 2023, iliondokea Vandenberg, California, na haikupoteza kitu kwa kutoondokea Malindi.

Na tusijifanye wageni wa mchezo huu. Majukwaa ya Waitaliano ya baharini pale Ngwana, karibu na Malindi, yalipeleka setilaiti tisa angani kati ya 1967 na 1988, kwa roketi za Kimarekani za Scout. Mojawapo, iliyorushwa 12 Desemba 1970, ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku yetu, na ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Fahari ipo. Lakini kilichobaki hai Malindi baada ya majukwaa kunyamaza ni antena. Darubini za NASA kama Swift na NuSTAR, ambazo mizingo yake imekaa karibu na Ikweta, hushusha data zake hapo. Basi kama Ikweta ina zawadi, ni hiyo, na imekuwa ikitumika huku sisi tukiota moshi wa roketi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Setilaiti ndogo sasa hivi ni bidhaa. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50, ambazo kwa bajeti ya serikali ni hela za njugu (wale wa “na unga je?” mtulie). Kazi ngumu iko huku chini, kwenye antena za juu ya paa.

Setilaiti iliyo kilomita 500 na ushei juu huzunguka dunia mara 15 hivi kwa siku. Kituo cha Svalbard, kule Norwei karibu na ncha ya kaskazini, kinaiona karibu kila mzunguko. Nairobi inaiona mara nne hivi: mbili mchana, mbili usiku, au karibu na hapo. Baadhi hupita chini mno upeoni, nyuma ya maghorofa ya Upper Hill, na hazina faida. Pito zuri ni dakika 10. Kwa redio ya kawaida ya setilaiti ndogo, biti 9,600 kwa sekunde, dakika hizo zinakupa kilobaiti 720. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo. Ukipanda hadi S-bendi, masafa ya juu zaidi, ya megabiti 2 kwa sekunde unapata megabaiti 150, na hapo angalau kazi inaanza kuonekana. Ukitaka picha za nchi nzima, unahitaji X-bendi, iliyo juu zaidi ya hapo, na dishi linalofuata setilaiti bila kutetereka, au ukodishe muda kwenye vituo vya watu.

Na hizo dakika 10 zinaharibika kwa njia nyingi. Masafa hayatulii, kwa kuwa setilaiti inakimbia: kwenye 437 MHz, setilaiti inakuja ikisikika kHz 10 hivi juu na inaondoka kHz 10 chini, na programu isiporekebisha kila sekunde unasikia mvumo mtupu. Siku za kwanza hujui hata yako ni ipi, kwa sababu imeachiliwa pamoja na makumi ya nyingine. Inabidi usikilize mlio wake na ulinganishe na vipimo vya njia ya kila kitu kilichoorodheshwa angani mpaka kimoja kikubali. Kuna fundi atakayeweka kipaza mawimbi chini ofisini, karibu na kompyuta, huku mita 20 za kebo nyembamba ya RG-58 zikiwa zimeshakula zaidi ya robo tatu ya mawimbi kabla hayajafika. Kipaza hukaa juu, kwenye antena yenyewe! Mota ya kuzungushia antena ikiwa nzito, setilaiti inapopita utosini inaachwa nyuma pale pale mawimbi yalipo na nguvu. Na stima ikipotea bila betri ya akiba, subiri usiku.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopeleka kile kisanduku cha setilaiti cha sentimita 10, 1KUNS-PF, kilichoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, somo lenye thamani lilikuwa hilo la kuongea nacho. Chenyewe kilishaungua kikirudi mwaka 2020. Ujuzi hauungui, ila ukiwaajiri waliojifunza. Usipowaajiri wanahamia Ulaya.

Tuseme picha imeshuka. Bado si ramani. Lazima isahihishwe mwanga, ipachikwe mahali pake kwenye uso wa dunia, mawingu yaondolewe. Na mawingu ndiyo aibu yetu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikuja na masika, na wakati wa masika kamera ya kawaida inapiga picha ya pamba. Kinachoona kupitia wingu ni rada, kama ile ya setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambayo picha zake ni za bure. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu yanaurusha mwale pembeni. Shambani Tana River utaona mafuriko vizuri. Mathare hutaona kirahisi, kwa kuwa kuta na mabati hurudisha mwale kwa nguvu na kuficha maji yaliyo kati ya nyumba. Anayejua tofauti hiyo ni mchambuzi, na mchambuzi anahitaji mshahara, diski, na mtu wa kaunti anayepokea simu saa tisa usiku.

Mfano tunao hapa hapa. Bima ya mifugo iliyoanzishwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kule Marsabit mwaka 2010 inapima ukijani wa malisho kutoka angani. Malisho yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuhesabu mizoga. Setilaiti zilikuwa za wengine, na data ilikuwa ya bure. Kilichokuwa chetu ni watu waliojua ukijani upi wa Marsabit unalisha ng’ombe na upi ni vichaka vya mathenge tu.

Kwa hiyo shirika letu la anga, lililoundwa 2017, likija na orodha ya manunuzi, ningependa kuona hivi: dishi la X-bendi mahali pasipo na kelele za redio za jiji, makubaliano ya kupokelea kwenye kituo cha mbali kaskazini, saa za antena za Malindi kwa setilaiti zetu, na ajira za kudumu za wachambuzi katika kaunti zenye ukame na zenye mafuriko. Uwanja wa roketi uwekeni ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo.