Cairo, Illinois: je, ni mto uliowaondoa watu?

Ukifuata mto Ohio kwenye ramani ya Marekani kutoka mashariki, kidole chako kitaishia Cairo, kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois. Hapo ndipo Ohio unapoingia Mississippi. Ng'ambo moja ni Kentucky, ng'ambo nyingine ni Missouri. Wenyeji hawalitamki jina hilo kama la mji mkuu wa Misri. Husema "Kero", na kila msomaji wa Kiswahili atalisikia kwa namna yake.

Sensa ya 1920 ilihesabu hapo watu 15,203. Ile ya 2020 ilipata 1,733. Karibu wakazi tisa katika kila kumi hawapo tena, na wanaoujadili mji huu bado hawajakubaliana ni nini kilichowaondoa.

Wapo wanaosema ni jiografia. Cairo imekaa kwenye rasi ya ardhi ya chini, mito miwili ikiibana, na inaishi ndani ya matuta na ukuta wa zege uliojengwa kuhimili maji ya futi 64 kwenye kipimo cha mto. Barabara ya kuingilia kutoka kaskazini ina lango la chuma la tani 80; likishushwa, mji mzima umefungwa ndani. Hata hivyo mto ukifurika, maji hupenya chini ya tuta na kuchimbuka mitaani kama chemchemi zinazotema mchanga. Tena mahali hapa palikula kwa sababu safari zilikatikia hapo: abiria na mizigo ya meli za mvuke na ya treni ilibadilisha chombo, na mabehewa yalivushwa kwa pantoni. Daraja la reli juu ya Ohio lilifunguliwa 1889. Madaraja ya magari yakafuata, la Mississippi 1929 na la Ohio 1938, na 1978 barabara kuu ya I-57 ikavukishwa nje ya mji. Palipokuwa pa kusubiri pakawa pa kupita tu.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini takwimu zinaikataa mahali muhimu. Mafuriko makubwa kuliko yote ya Ohio katika karne iliyopita yalitokea 1937. Sensa ya 1930 iliikuta Cairo na watu 13,532. Ya 1940, miaka mitatu baada ya maji, ikakuta 14,407. Mji ulikuwa umekua. Jirani yake Paducah, Kentucky, nao ni mji wa kando ya Ohio. Mwaka ule ule ulizama vibaya hadi wakazi wake karibu wote wakahamishwa, na leo una watu wapatao 27,000. Kama mto peke yake ndio unaofukuza watu, Paducah ingetangulia kuisha.

Upande wa pili unasema ni ubaguzi wa rangi. Mwaka 1909 umati wa watu ulimuua hadharani William James, mtu Mweusi, bila kesi. Mwaka 1962 vijana wa kupigania haki, John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Marekani, akiwa miongoni mwao, walipiga magoti kuomba mbele ya bwawa la kuogelea lililowakataa Weusi. Wenye bwawa waliona heri walifunge, na baadaye likajazwa zege. Mwaka 1967 askari kijana Mweusi alikutwa amekufa katika mahabusu ya polisi, ghasia zikazuka, na kuanzia 1969 Weusi wakasusia maduka yaliyokataa kuwaajiri. Wenye maduka wengi walifunga milango kuliko kukubali. Kati ya 1960 na 1970 mji ulishuka kutoka watu 9,348 hadi 6,277.

Naikubali hoja hii zaidi ya ile ya kwanza. Ila wanaoitoa huiruka miaka ya 1940 hadi 1960, ambapo watu 5,000 waliondoka kabla ya ghasia za 1967 na mgomo wa 1969. Hao waliifuata kazi, na kazi ilikuwa imeshavuka madaraja.

Mwaka 2011 swali hili liliacha kuwa la wanahistoria. Mto ulipopanda kupita futi 61, jeshi la wahandisi la Marekani lililipua tuta la Birds Point upande wa Missouri, usiku wa Mei 2, ili maji yapate pa kwenda. Karibu ekari 130,000 za mashamba zilifunikwa. Spika wa Baraza la Wawakilishi la Missouri, alipoulizwa angependa kipi kizame, mashamba au Cairo, alijibu Cairo. Baadaye akaomba radhi. Wakulima wale walikuwa na uchungu wa haki, na siwezi kuubeza. Lakini kinachoniuma zaidi ni Pinhook, kijiji kidogo cha wakulima Weusi kilichokuwa ndani ya eneo lile la kupitishia mafuriko. Kiliangamia, na wanaoisimulia kesi hii kama mvutano wa mji wa Weusi na mashamba ya Wazungu hukisahau.

Cairo ikaokolewa kutoka kwa maji. Miaka sita baadaye, 2017, serikali ya shirikisho ilitangaza kwamba Elmwood na McBride, nyumba za umma zilizojengwa miaka ya 1940 na kuachwa zioze chini ya usimamizi mbovu, zitabomolewa. Watu wapatao 400 walipewa hati za kusaidiwa kodi ya nyumba na kuambiwa watafute nyumba. Mjini hazikuwapo za kutosha. Waliotaka kubaki nao wakaondoka, na sensa ya 2020 ikawahesabu kwingine.

Maafisa walisema kujenga upya katika mji unaokwisha ni kutupa fedha, na mwenye hesabu za bajeti ataona mantiki yake. Mimi naona waliusaidia mji kwisha, kisha wakautolea ushahidi. Kulikuwa na njia nyingine. Kijiji cha Valmeyer, Illinois hiyo hiyo, kilizamishwa na Mississippi 1993, kikahamishiwa mlimani pamoja na shule na makanisa yake, na leo kina watu zaidi ya 1,200. Waliohama pale walibaki majirani.

Sasa tumaini ni bandari. Mwaka 2020 jimbo lilitenga dola milioni 40 kwa ajili yake, kwa sababu ya jiografia ile ile: kutoka hapo hadi Ghuba ya Meksiko, matishari hayakutani na lango hata moja la kuyapandisha au kuyashusha. Wapinzani wanasema mito hiyo ina bandari nyingine zisizo mbali. Mimi bandari naitaka. Ila sijaona nyumba za watakaoifanyia kazi zikitajwa kwa uzito ule ule, ilhali viwanja vya Elmwood na McBride viliachwa wazi ndani ya ukuta. Zisipojengwa, vibarua watalala Missouri na Kentucky na kuja kazini kila asubuhi kwa madaraja yale yale.