Jiko la bibi nalo liandikiwe mwaka

Tulipokuwa tunatoka kwenye makumbusho ya Harold Warp pale Minden, Nebraska, jamaa mmoja tuliyekwenda naye, Mtanzania mwenzangu, alisema neno ambalo limenikwama kooni hadi leo. "Hawa wenzetu wana vitu vya kuonyesha. Sisi tungeweka nini, zaidi ya ngao na mikuki?" Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza, maana tulikuwa na watoto na sikutaka mabishano mbele yao. Lakini sikubaliani naye hata kidogo.

Sisi tunaoishi Nebraska tumezoea kuipita Minden. Mtu anashika barabara kuu ya I-80 kwenda Denver, anaona mabango ya Pioneer Village, ndilo jina la makumbusho hayo, anakanyaga mafuta. Hata mwezi Machi, watu wanapojaa mji wa Kearney kutazama korongo wanaotua kwa malaki kwenye mto Platte, wachache hukumbuka kuteremka hizo maili chache kuelekea kusini. Ni hasara yao.

Warp alizaliwa jirani na hapo mwaka 1903, kitindamimba wa watoto 12 wa wahamiaji kutoka Norway. Nyumba yao ilijengwa kwa mapande ya ardhi yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake, kwa sababu nyika ile haikuwa na miti ya kupasua mbao. Alibaki yatima angali mtoto. Mwaka 1924 akaenda Chicago, akaanza kutengeneza karatasi ya plastiki ya madirisha ya mabanda ya kuku. Ilipitisha ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo kioo cha kawaida huizuia, kwa hiyo kuku walibaki na afya hata majira ya baridi kali. Biashara ikamtajirisha. Baadaye akasikia kwamba shule aliyosoma utotoni, ya chumba kimoja, inapigwa mnada. Akainunua. Baada ya shule likafuata kanisa, ikafuata stesheni ya reli, na mwaka 1953 akafungua milango. Leo kuna majengo 28 na vitu zaidi ya 50,000.

Wingi huo haukunigusa sana. Kilichonigusa ni mpangilio. Warp alitaka vitu vipangwe kwa miaka, cha zamani kikitangulia, ili mtu akitembea aone kifaa kinavyobadilika mbele ya macho yake. Kuna vyumba vya jikoni vilivyopangwa kwa vipindi kuanzia miaka ya 1830. Unaanza na moto wa kuni na chungu cha chuma kinachoning'inia, unapiga hatua, unakuta jiko la chuma lenye mlango, unapiga hatua nyingine, unakuta bomba la maji ndani ya nyumba. Hakuna mfalme hapo wala jenerali. Kuna mwanamke anayepika tu, na kila baada ya hatua chache mgongo wake unapata nafuu kidogo.

Kwenye mashine za kufulia nilisimama muda mrefu hadi watoto wakanivuta shati. Linaanza bao la kufulia lenye migongo ya bati. Linafuata pipa lenye mkono wa kusukuma mbele na nyuma. Halafu zinakuja zile zenye roli mbili za kukamulia, unapitisha shuka katikati huku unazungusha mpini, na mpini wenyewe umelainika hadi unang'aa pale viganja vilipokuwa vinashika. Miaka ya 1910 zikaja za injini ya petroli. Kwa nini petroli ndani ya nyumba, pamoja na moshi na kelele zake? Kwa sababu shambani hapakuwa na umeme. Katikati ya miaka ya 1930, Chicago na New York zikiwa zinawaka taa usiku kucha, takriban shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lilikuwa na umeme. Ilibidi serikali iunde wakala wa kupeleka umeme vijijini mwaka 1935, kwa kifupi REA, herufi zilezile za wakala wetu wa Tanzania ulioanza kazi mwaka 2007. Binti yangu akaniuliza, "Kwa hiyo bibi zao nao walikuwa wanatumia chemli kama bibi?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, walikuwa wanatumia chemli, na walikuwa wanasubiri nguzo zifike.

Swali lile asingeliuliza kama taa zile zisingekuwa na tarehe.

Sasa nirudi kwa jamaa yetu na mikuki yake. Simlaumu kwa kuamini hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kujitazama. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kimekuwepo tangu mwaka 1966, na ni hazina, nakubali. Nilikwenda na darasa letu na bado nakumbuka giza la ndani ya tembe na harufu ya udongo. Lakini nyumba zile zinakuambia kabila, hazikuambii mwaka. Unatoka ukidhani Wagogo au Wahaya waliishi namna moja tangu dunia iumbwe, mpaka siku moja wakaamka wakajikuta na bati na simu. Watu wasiowekewa miaka wanaonekana kama watu ambao hawajawahi kupatwa na jambo lolote, wala kuamua lolote. Na kila kitu kilichoingia kwa meli au kununuliwa dukani kinatupwa nje ya hesabu: chungu ni utamaduni, sufuria si utamaduni, ngoma ni yetu, redio ni ya wageni. Nani aliweka mpaka huo? Majiko ya chuma ya Minden nayo yalitoka kiwandani, mbali, yakaletwa kwa treni. Warp hakuuliza kama ni ya asili. Aliuliza nani alilitumia, na lini.

Chukueni jiko peke yake. Tungeweza kulipanga katika chumba kimoja kidogo. Yaanze mafiga matatu. Yafuate majiko ya bati, yale ambayo pwani tunayaita seredani, yaliyofuliwa na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, kutokana na mapipa na mabati yaliyokwisha kazi. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 linatokea Kenya jiko lenye kiuno chembamba, ndani limekandikwa udongo uliochomwa ili joto lisipotee pembeni. Lile jiko liliokoa mkaa mwingi mno, na mkaa ni pesa, na pesa yenyewe ilikuwa ya mama wa nyumbani anayehesabu senti ya mwisho. Huo ni uvumbuzi mkubwa kama mashine yoyote niliyoiona Nebraska. Umepita mikononi mwa mafundi wa jua kali, ukasambaa Afrika Mashariki yote, na sisi tunalikanyaga lile jiko likipasuka udongo na kulitupa jalalani.

Baada yake nitaweka jiko la Mchina la mafuta ya taa. Mnalijua. Tambi zake zimepangwa duara, na zikiungua vibaya moto unageuka mwekundu, sufuria inapata masizi, na chai inanuka mafuta hadi jioni. Bibi alikuwa anazivuta moja moja kwa sindano, anazikata kwa mkasi zilingane, halafu anainama kutazama moto kwa usawa wa macho mpaka uwe wa bluu pande zote. Alikuwa fundi kamili, mwenye vipimo na uzoefu, na hakuna mtu aliyewahi kuandika mstari mmoja juu ya ufundi huo. Kisha mtungi mdogo wa gesi. Kila hatua hapo imebadilisha saa ya kuamka, nani anatumwa kuni, mtoto gani anawahi shule, kifua cha nani kinapona kikohozi. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuandika historia ya nchi yetu kwa kuruka jambo hilo na kwenda moja kwa moja kwenye hotuba za viongozi.

Pasi ya mkaa ya nyumbani kwetu imeshakwenda. Ilikuwa na jogoo mdogo pale mbele kwenye kikomeo, kishungi chake kimekatika, na matundu ubavuni ambayo ukipuliza vibaya majivu yanakurukia kwenye shati jeupe la shule. Nilipompigia simu shangazi kuiulizia, akasema, "Mwanangu, ile si ilikuwa kutu tupu? Kapita kijana wa vyuma chakavu, kanipa hela ya sukari." Sina kinyongo na shangazi. Mizani ya vyuma chakavu ndiyo ofisi pekee iliyowahi kufika mlangoni kwake na kumwambia kwamba pasi ile ina thamani yoyote. Na kila siku ya Mungu mizani hiyo inapita Muheza, Kahama, Kisii na Bukavu, inakusanya cherehani za Singer, fremu za baiskeli za Swala, majembe ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, na inayaondoa kwa kilo.

Wala tusidhani habari hii ni ya vitu vya mababu tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Watu wetu walituma pesa kwa simu kijijini kabla benki za nchi tajiri hazijafikiria jambo hilo kwa uzito. Kama kuna waanzilishi wa kweli katika teknolojia ya kila siku, ni hao. Ile Nokia ya tochi iko wapi? Na daftari la wakala liko wapi, lile la mistari lililochorwa safu kwa rula: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi, na dole gumba kwa asiyejua kuandika? Daftari moja la namna hiyo linakuonyesha kijiji kizima: nani ana mtoto mjini, ada inalipwa mwezi gani, mavuno yanauzwa lini.

Makumbusho ya Warp yana dosari, na moja siwezi kuinyamazia. Saa yake inaanza 1830. Ardhi ile ya kusini mwa Platte ilikuwa ya Wapawnee, waliolima mahindi na kujenga nyumba kubwa za udongo, na waliitoa kwa mkataba wa mwaka 1833. Katikati ya miaka ya 1870 wakasukumwa hadi Oklahoma. Ekari 160 ambazo sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi yeyote atakayekaa na kulima miaka mitano hazikuwa za bure. Kuna watu walizilipia. Nilitoka pale nikijua mengi zaidi kuhusu mashine za kufulia kuliko kuhusu wao, na hilo ni kosa, hata kama aliyelifanya alikuwa anaipenda familia yake. Warp alisimulia upande wa watu wake. Nani asimulie wa kwetu, kama wenyewe tunasema tuna mikuki tu?

Mtaniambia Warp alikuwa tajiri. Ni kweli, na utajiri wake ulinunua hata stesheni. Mtaniambia pia kwamba makumbusho ya mtu mmoja hutetereka mwenyewe anapoondoka. Yeye alifariki mwaka 1994, mzigo ukabaki kwa familia na wakfu. Hilo nalo ni kweli. Lakini rafu moja sebuleni haihitaji kiwanda cha plastiki, na sanduku la bati chini ya kitanda cha babu halihitaji wizara.

Kwa hiyo naomba hivi, kwa wenye wazee walio hai. Kabla kifaa hakijatolewa nyumbani, kifungwe karatasi ngumu kwa uzi, na iandikwe kwa kalamu: ni nini, kilinunuliwa wapi, mwaka gani au wakati wa tukio gani, kwa bei gani, nani alikitumia zaidi, na kwa nini kiliachwa. Kama mzee hakumbuki mwaka, muulizeni alikuwa na mtoto yupi mgongoni. Pigeni picha ya mikono yake ikikishika inavyotakiwa, maana namna ya kukishika haiandikiki. Kwetu tumekwisha kufunga karatasi kwenye mbuzi ya nazi, karabai na redio ya National isiyo na mfuniko wa betri. Ninachotafuta sasa ni jiko la bati lililofuliwa kabla ya yale ya udongo kuja. Aliye nalo kwao, hata kama limetoboka kitako, asilipeleke kwenye mizani. Nitagharamia usafiri wa basi hadi Tanga.