Nyuklia au jotoardhi, kwanza tuangalie ukubwa wa gridi yetu

Mjadala wa nyuklia hapa Kenya kila ukianza unaishia palepale, huyu anataja ajali za vinu vya Chernobyl na Fukushima, yule anasema dunia imetuacha nyuma, na wote wanaruka swali ambalo mi naona ndo lenyewe, hiyo stima itaingia kwenye gridi gani, yani mtandao wa umeme wa nchi?

Mpango wa kinu cha nyuklia uliokuwa Uyombo kule Kilifi, kabla wenyeji hawajaukataa na macho yakahamia Siaya, ni wa megawati 1,000. Nchi nzima saa mbili usiku, kila nyumba taa na tivi zinawaka, tunatumia kama megawati 2,400. Yani mtambo mmoja ubebe zaidi ya thuluthi ya Kenya! Na hakuna mtambo usiozima ghafla siku moja, hata uwe mpya vipi, ndo maana watu wa gridi wanapenda mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya mfumo, ili ukizima nchi isizime nao. Giza la Agosti 2023, stima ilipopotea nchini, lilifika mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, sijasahau.

Lakini tusidanganyane kuhusu upande wa pili, wa sola, upepo na maji. Sola inalala jua likizama, na hapo hapo ndo watu wanarudi nyumbani kupika na kuwasha taa. Upepo wa Turkana ni megawati 310 kwa mitambo 365 ila ukitulia umetulia, na mabwawa ya Tana kiangazi kikikaza maji yanashuka. Kwa hiyo anayesema nyuklia inafanya kazi usiku na mchana bila kungoja mvua anasema kweli kabisa. Emirati (UAE) walianza kujenga kituo chao cha nyuklia cha Barakah 2012, kufika 2024 vinu vyote vinne vinawaka na vinatoa karibu robo ya umeme wao. Ila hao wana pesa, na Ufaransa yenye uzoefu wote ule ilianza kujenga kinu cha Flamanville 3 mwaka 2007 iishe 2012, ikaunganishwa na gridi Desemba 2024.

Na sisi hiyo stima ya usiku na mchana tunayo tayari, jotoardhi ya Olkaria, inayotumia mvuke wa chini ya ardhi, tangu 1981. Kinachoniuma ni kwamba usiku wa manane matumizi yakishuka mvuke mwingine unaachiliwa tu hewani, na hata ule mradi wa upepo wa Turkana mitambo ilimalizika ikakaa bure kungoja laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na fidia ya huko kungoja tukalipa sisi. Tatizo letu kubwa sa hizi ni laini na mahali pa kuhifadhi umeme, na kinu cha nyuklia hakitibu hata moja, kitazihitaji hizo laini zaidi.

Nyuklia siikatai. Mahitaji yakikaribia megawati 10,000, hapo kinu cha 1,000 kinaingia vizuri, au vile vinu vidogo vikishathibitika kwingine na bei yake ikajulikana. Ila mtu wa Siaya anayeombwa shamba leo aonyeshwe hesabu hii kwanza, na aambiwe wazi taka zitawekwa wapi.