Ulizo Linapochelewa: Tuongeze Faharasa au Tuchunguze Kwanza?

Miongoni mwetu tunaotunza hifadhidata hapa Malindi kuna mjadala usiokwisha: ulizo, yaani ombi la data kwa hifadhidata, lililokuwa likijibiwa kufumba na kufumbua linapoanza kuchukua dakika nzima, je, tuongeze faharasa (orodha inayosaidia kuipata rekodi bila kusoma jedwali zima) na kumbukumbu (RAM) ya seva papo hapo, au tuketi kwanza tuchunguze?

Wanaotaka hatua ya haraka wana hoja nzito. Karani wa hoteli mwenye wageni mbele yake hawezi kungoja uchunguzi wa siku mbili, na kumbukumbu ikiongezwa, data inayosomwa mara kwa mara hukaa humo badala ya kutafutwa diskini.

Lakini kila faharasa ina gharama yake. Rekodi mpya ikiingia, faharasa nazo huongezewa ingizo lake, na katika PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata tunaoutumia, kuijenga faharasa kwa njia ya kawaida huzuia jedwali lisiandikwe mpaka kazi iishe. Tena yaweza isitumike kabisa. Niliwahi kukuta ripoti ya malipo ya siku moja ikisoma jedwali zima, ilhali faharasa ya muda wa malipo ilikuwepo. Aliyeandika ulizo alikuwa ameugeuza muda kuwa tarehe kwa fomula, na faharasa ile haikuijua fomula hiyo. Sharti lilipoandikwa upya, yaani kuanzia saa sita usiku wa siku hiyo hadi kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata, ripoti ilitoka mara moja, bila kununua chochote.

Ndiyo maana mimi huanza na amri ya EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha mpango wa utekelezaji, yaani hatua ambazo mfumo umezifuata kulijibu ulizo, na ndani yake hutazama namba mbili: rekodi zilizokisiwa na rekodi zilizopatikana. Kisio likiwa 40 na zilizopatikana zikawa milioni 3, huenda mfumo umechagua njia ya kuunganisha majedwali inayofaa rekodi chache tu, na mara nyingi chanzo ni kuchakaa kwa takwimu za jedwali ambazo mfumo huzitumia kukisia. Kwa mipangilio ya kawaida, PostgreSQL huhuisha takwimu za jedwali baada ya takribani asilimia 10 ya rekodi zake kubadilika. Kwenye jedwali la rekodi bilioni 1, hayo ni mabadiliko milioni 100, na malipo ya wiki hii yanaweza kuwa bado hayajulikani kwa mfumo. Kiwango hicho kinaweza kupunguzwa kwa jedwali hilo, bila kuyagusa mengine.

Uchunguzi nao una hatari zake, na wenzangu wanaoupigia debe huzitaja kwa nadra mno. Amri hiyo hulitekeleza ulizo kikweli: huongeza mzigo kwenye seva iliyokwisha kulemewa, na ulizo la kufuta rekodi litazifuta lisipowekwa ndani ya muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja) utakaobatilishwa. Isitoshe, pengine ulizo si zito, bali linangoja ulizo jingine liachilie data lililoifunga, jambo linaloonekana katika pg_stat_activity, orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya PostgreSQL.

Kwa hiyo nashikilia uchunguzi kwanza, isipokuwa kazi inapokuwa imesimama kabisa. Hapo kumbukumbu na iongezwe, mradi mpango wa utekelezaji uhifadhiwe kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa seva ikishapata nafuu ushahidi hupotea.