Mwenye nyumba asiyepima risasi: sheria ndo imemfundisha

Mtoto akikutwa na risasi kwenye damu, yaani ile metali yenye sumu iliyokuwa inachanganywa kwenye rangi za nyumba, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye nyumba, eti alijua akanyamaza. Wapo wa hivyo, hilo sibishi. Ila kwa Marekani mi naona wengi hawajui kwa sababu sheria yenyewe imefanya kutojua kuwe nafuu.

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani 1978, halafu sheria ya 1992 ikasema ukipangisha nyumba ya kabla ya 1978, mwambie mpangaji unachokijua na umpe kijitabu cha tahadhari. Haisemi kapime. Sasa mchukulie mama mwenye nyumba moja ya zamani, anakaa chini, juu kapangisha. Asipopima anatiki kwenye fomu kwamba hana taarifa, anasaini, yameisha. Akipima ikakutwa, ile ripoti ataionyesha kwa kila mpangaji na hata mnunuzi siku akiuza. Mwaminifu ndo anayeumia!

Na wala sio lazima aondoe rangi yote, hapa watu wanachanganya sana. Angalia dirisha la mbao la kizamani, lile la kusukuma juu, kila likifunguliwa mbao zinasagana, rangi inageuka vumbi, vumbi linatua kizingitini, mtoto anashika pale kisha vidole mdomoni. Badilisha dirisha hilo, paka upya panapobanduka, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, hatari inashuka sana bila kugusa kuta. Kukwangua kikavu ndo balaa, vumbi linaweza kuzidi la mwanzo.

Wanaotaka iondolewe kabisa wana hoja, rangi iliyofunikwa itakuja kubanduka tena, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema hakuna kiwango salama kwa mtoto.

Lakini Rochester, New York, walitunga sheria 2005, ikaanza 2006: nyumba za zamani za kupangisha zinakaguliwa kabla ya kupewa cheti cha kuruhusu watu wakae, na kwenye mitaa yenye hatari zaidi vumbi linapelekwa maabara hata kama rangi inaonekana nzima. Hapo mama yetu hapotezi kwa kupima maana na jirani kapimwa, na familia ya Kikongo iliyofika juzi hailazimiki kuelewa kijitabu cha Kiingereza ndo ilindwe. Miji inayoiga iweke na ruzuku ya madirisha kwa wenye nyumba mojamoja, la sivyo mwingine atafunga ile sehemu ya juu na mpangaji akose pa kukaa.